Bapa la Tatu

Kwenye baadhi ya visu vya kukunja vilivyotengenezwa Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, bapa moja kati ya matatu limechorwa maneno machache sana: kwa nyama ya mwili tu. Nyama inayotajwa hapo si ya buchani. Ni mwili wa ndama dume aliyelazwa chini, miguu imefungwa, mtu mmoja amemkandamiza shingoni na mwingine amechuchumaa nyuma yake. Bapa hilo ni la kuhasi. Kamba, gunia, tumbaku, tofaa na kucha za mwenye kisu vina mabapa mengine mawili. Hili la tatu liachwe safi na kali, lisubiri siku yake.

Kisu chenyewe kinaitwa stokmani, neno ambalo kwa Kiingereza ni mtu wa mifugo: mfugaji, mchungaji wa kulipwa, mnunuzi wa mnadani, yeyote ambaye riziki yake inatokana na wanyama wenye kwato. Umbo lake lilitulia Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo viwanda vingi vimelitengeneza. Kikifungwa, kisu cha wastani kina urefu wa takriban sentimita 9. Mpini wake umepinda kidogo kama herufi S iliyovutwa ikanyooka, na ncha zake zote mbili zimeviringwa ili zisitoboe mfuko wa suruali. Upande mmoja linatoka bapa kubwa, ambalo mgongo wake umekatwa kwa mkunjo karibu na mwisho mpaka ncha ikachongoka. Hilo ni la kazi zote. Upande wa pili yanalala mawili, bega kwa bega. Moja linaitwa unyayo wa kondoo: makali yake yamenyooka kama rula, na mgongo unashuka kuyafuata, kwa hiyo halina ncha ya kuchomea. Linafaa kukata kamba juu ya ubao, kupunguza kwato, kukata popote panapotakiwa mstari mnyoofu. Jirani yake ndilo la kuhasi, fupi na pana, makali yake yakienda sawa kisha yakapanda ghafla kukutana na ncha butu. Ubutu huo umekusudiwa. Mkono ukiteleza, au ndama akirusha teke, bapa lisiingie mahali ambapo halikutumwa.

Nimesoma mengi yaliyoandikwa na wapenzi wa kisu hiki, na ninawaheshimu kuliko wanavyoheshimiwa kwa kawaida. Mtu mzima anayeandika aya nne kuhusu springi ya kisu huonekana kama mtu aliyekosa shughuli. Lakini hebu tazama wanachokitazama. Kuyaingiza mabapa matatu ndani ya mpini mwembamba hivyo ni kubishana na milimita. Kwa kawaida springi ni mbili: moja inabeba mabapa mawili, kila ncha ya mpini bapa moja, na nyingine inabeba lile lililobaki. Yote yakilala pamoja yatasuguana, basi fundi huyapinda kidogo karibu na shina ili kila moja lipite pembeni mwa jirani yake bila kumgusa. Kitazame kisu kilichofungwa kutoka juu utaona mabapa yameegemea huku na huku kama abiria watatu kwenye kiti cha daladala kilichokusudiwa wawili. Mgeni huona kasoro pale. Wao wanajua kwamba fundi hupimwa hapo hapo, maana kuyapinda sana ni kuyaharibu na kuyapinda kidogo ni kuyaacha yakwaruzane.

Wana misamiati yao. Wanasema kisu kizuri kinatembea na kinasema. Kutembea ni namna bapa linavyozunguka kwenye ribiti yake unapolivuta kwa ukucha: lisilegee, lisikwame, liwe zito kiasi cha kukujulisha kwamba kuna springi inayolikabili. Kusema ni ule mlio mkavu linapofika mwisho wa safari. Wanakiinua kisu kwenye mwanga kuona kama nuru inapenya kati ya springi na bamba za shaba ya njano zilizo ndani ya mpini. Wanapitisha kidole mgongoni kisu kikiwa wazi, kisha kikiwa kimefungwa, wakitaka springi iwe sawasawa na bamba katika hali zote mbili. Na wanasoma namba. Case, kampuni ya Bradford, Pennsylvania, ikipiga 6318 kwenye chuma, mpenzi atakwambia bila kufungua kitabu kwamba 6 ni mpini wa mfupa uliochongwa mistari, 3 ni idadi ya mabapa na 18 ni umbo. Mwaka 1970 kampuni hiyo iliweka nukta kumi kwenye chapa yake, halafu ikawa inapunguza moja kila mwaka, kwa hiyo mwenye miwani mizuri anaweza kukadiria umri wa kisu kama daktari wa mifugo anavyokadiria umri wa ng'ombe kwa meno.

Hayo yote ni mizani na vina. Sisemi hivyo kwa dharau. Shairi lililopungukiwa mizani linamkwaza msikilizaji kabla hajafika kwenye maana, na kisu kinacholegea ribitini kinakwaza mkono vivyo hivyo. Ila kila aliyekulia kwenye ushairi wa Kiswahili amewahi kukutana na ubeti uliotimiza nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vikiwa mahali pake, na usiseme neno hata moja. Mhakiki anayeishia kuhesabu silabi amefanya nusu ya kazi, nayo ndiyo nusu nyepesi. Lawama yangu kwa wapenzi wa stokmani ni hiyo tu. Wanakikagua kisu mpaka mwanga wa mwisho kati ya springi na bamba, lakini hawakiulizi kinasema nini.

Stokmani inasema jambo mahususi kabisa, na unalisikia vizuri ukiiweka karibu na visu vingine vya mabapa mengi. Mwaka 1851, kwa ajili ya Maonyesho Makubwa ya London, kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ya Sheffield ilitengeneza kisu chenye mabapa na vifaa 75, kikapambwa kwa lulumizi na michoro. Kipo hadi leo Sheffield, katika jumba la chama cha mafundi wa visu. Ni kazi ya ajabu, na hakuna mkono wa binadamu uliowahi kukihitaji. Ni majigambo, kama yale ya waimbaji wanaoshindana nani atashikilia pumzi muda mrefu zaidi. Kisu chekundu cha jeshi la Uswisi, ambacho wengi wetu tumekiona mikononi mwa watalii, kina akili zaidi: ni kisu cha mtu asiyejua kesho itamletea nini, chupa, kopo, skrubu au mwiba. Stokmani ni kisu cha mtu anayejua kabisa kesho italeta nini, kwa sababu jana ilileta hayo hayo. Asubuhi kuna kamba na magunia, mchana kuna kwato, na siku chache kwa mwaka kuna ndama. Siku nzima ya kazi, pamoja na majira yake, imekunjwa ndani ya sentimita 9. Kwa macho yangu hakuna kisu kingine cha mfukoni kilichoeleza maisha ya mwenyewe kwa maneno machache hivyo.

Sasa mtafute ndama katika sifa za wapenzi. Utamkuta katika sentensi moja, mara nyingi ikisindikizwa na mzaha wa kiume, kisha mwandishi anarudi haraka kwenye mlio wa springi. Bapa la tatu linatajwa kama babu mwenye historia isiyopendeza: tunamheshimu, lakini tusimuulize sana. Ninaelewa aibu hiyo. Kuhasi kwa kisu kulifanywa kwa miaka mingi bila ganzi yoyote, na hakuna namna ya kulieleza tendo hilo likawa tamu. Lakini ukiliruka, hutaelewa kwa nini ncha ni butu, kwa nini bapa ni pana, kwa nini liwe fupi, kwa nini liliandikiwa amri. Umbo lote la bapa hilo ni mtu anayefikiria jinsi ya kufanya jambo chungu kwa haraka, kwa kidonda kidogo, bila kutoboa kisichotakiwa. Huruma iliyomo ni finyu, ya kiasi cha ncha ya chuma, lakini imo.

Na ndama hakuwa wa mtu mmoja na zizi lake tu. Machinjio na mazizi makubwa ya Chicago, yaliyofunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1865 na kufungwa mwaka 1971, yalikuwa mdomo ambao reli ziliulisha ng'ombe kutoka nyanda za magharibi. Soko la namna hiyo linataka maksai: mnyama mtulivu, anayenenepa, asiyepigana ndani ya behewa. Kila dume aliyegeuzwa maksai alipita mikononi mwa mtu mwenye kisu kidogo mfukoni, na mara nyingi mtu huyo alikuwa kibarua. Methali yetu inasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Pale ilikuwa vingine. Mwenye kisu kikali alilipwa ujira wake, na nyama ikapanda treni kwenda kwa wengine. Wapenzi wanapomwita mwenye kisu wa zamani kwa majina ya kishujaa, mpanda farasi, mtu huru wa mbuga, ningependa wakumbuke kwamba kisu hicho kilikuwa kitendea kazi cha mwajiriwa, cha bei ya kawaida, kilichotarajiwa kuchakaa.

Kazi ya bapa la tatu haikuondolewa na visu bora zaidi. Iliondolewa na vifaa visivyokata. Koleo la Burdizzo, lililobuniwa Italia, hubana mishipa kwa nje mpaka ikafa bila kupasua ngozi. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanalijua vizuri kutoka mikononi mwa maofisa mifugo, na wapo wanaoliita kwa jina la mbunifu wake bila kujua kwamba lilikuwa jina la mtu. Halafu ukaja mpira mdogo unaovalishwa na kuachwa ukaze. Damu ikapungua, nzi wakapungua, na kisu kikarudi mfukoni kukata kamba.

Ng'ombe, hata hivyo, hakutoka kwenye kisu. Alihamia mpinini. Mfupa unaofunika stokmani nyingi ni wa mguu wa ng'ombe, na Case hutumia mifupa ya miguu ya ng'ombe wa nundu kutoka Brazil, ndugu wa hawa wetu wanaovuka barabara kule Shinyanga bila kujali honi. Mfupa huo huchongwa vijishimo na mistari, hutiwa rangi ya kahawia au kijani au nyekundu, kisha hung'arishwa. Wapenzi huusifu kwa maneno wanayoyatumia wengine kwa vito. Asili ya ule mchongo ni kuigiza pembe ya paa, iliyokuwa ghali zaidi. Baadaye kampuni ya Schrade ya Ellenville, New York, iliyofungwa mwaka 2004, ilitengeneza stokmani zake za bei nafuu kwa plastiki ya kahawia iliyokatwa mistari ili ifanane na mfupa. Kwa hiyo kuna plastiki inayojifanya mfupa unaojifanya pembe. Wapenzi wana ngazi ya heshima hapo, pembe juu, mfupa katikati, plastiki chini. Mimi nina udhaifu kwa ile ya plastiki, maana haikuhitaji mnyama mwingine afe ili kisu cha kuhudumia wanyama kipendeze. Lakini nakiri kwamba vidole vinapendelea mfupa. Mfupa hupokea joto la kiganja na kuwa kama sehemu yake, na plastiki hubaki mgeni.

Uhakiki wao unanichosha zaidi unapokuja kwenye uchakavu. Katika soko lao kisu kinachopanda bei ni kile ambacho hakijawahi kunolewa, mabapa yakiwa yamejaa kama siku yalipotoka kiwandani, boksi lake lipo, karatasi yake ipo. Kuna visu vinavyonunuliwa, vinafunguliwa mara tatu kusikilizwa, vinapakwa mafuta na kufungiwa kabatini. Kiwanda cha Great Eastern kule Titusville, Pennsylvania, kilichoanza mwaka 2006 na kinachotengeneza kwa njia za zamani, hutoa kila toleo kwa idadi ndogo, na visu hivyo hununuliwa mara vinapotoka kisha vingi kuuzwa tena kwa bei ya juu bila kukata hata uzi. Sina ugomvi na mtu na pesa yake. Ninasema tu kwamba kisu cha namna hiyo ni kitabu ambacho kurasa zake hazijatenganishwa.

Stokmani iliyotumika inasomeka. Chukua tatu za zamani, za umri mmoja, uzipange mezani. Ya kwanza bapa lake kubwa limeliwa na jiwe la kunolea mpaka limebaki jembamba kama kijiti cha meno, na mengine mawili yako karibu mapya. Mwenyewe alikuwa mtu wa mjini au wa ghala, aliyetumia kisu kimoja ndani ya kisu cha vitatu. Ya pili unyayo wa kondoo ndio uliokonda, makali yake yamekuwa na bonde dogo katikati. Huyu alikata kitu kile kile dhidi ya ubao ule ule kwa miaka, kamba labda, au ngozi. Ya tatu mabapa yote yamepungua, ila lile la kuhasi limepungua sawasawa kuanzia shina hadi ncha, kwa mkono wa mtu aliyelinoa kwa makini kwenye jiwe laini, na chuma chake kimegeuka kijivu cha buluu kwa miaka ya unyevu na kupanguswa. Huyo alikuwa na ndama. Hakuacha barua wala picha. Aliacha namna alivyonoa. Mkusanyaji atakwambia visu vyote vitatu vimeharibika, na kwa hesabu zake yuko sahihi. Lakini hapo ndipo umbo lisilo na mwandishi linapopata waandishi wake, na mpenzi wa umbo hilo anayekataa kuwasoma amechagua kupenda karatasi tupu kwa sababu ni nyeupe.

Wapo wanaowasoma, niwatendee haki. Ndani ya mapenzi haya kuna kundi linalobeba kisu kila siku, linafurahia chuma cha kaboni kinavyobadilika rangi baada ya kukata embe au kitunguu, na linapiga picha mabapa yaliyokonda kwa fahari ile ile ambayo wengine wanapigia mapya. Maandishi yao huwa mafupi, na ndiyo ninayoyarudia.

Ubishi unaonigusa zaidi, na ambao naona utaamua kisu hiki kitakuwa nini, ni kuhusu bapa la tatu lenyewe. Wengi wanataka liondolewe. Tayari zipo stokmani ambazo mahali pake pana bapa dogo lenye ncha, la aina iliyotumiwa zamani kuchongea kalamu za manyoya, na nyingine zina msumari wa kutobolea ngozi. Hoja ni nyepesi kueleweka: hatuna ndama, na bapa butu linakula nafasi. Jibu la kawaida la wahafidhina ni kwamba mila ni mila, na jibu hilo halinishawishi. Mtu aniambie bapa linafanya nini mkononi. Na bapa hili linafanya kitu ambacho mengine mawili hayawezi. Unyayo wa kondoo hautoboi, lakini hauna tumbo la makali la kuchunia wala kukwangulia. Bapa kubwa lina tumbo, lakini ncha yake huingia popote. Hili lina tumbo na halitoboi. Limchune sungura bila kupasua ngozi. Lifungue kifurushi bila kuchana shati lililomo. Lipake siagi, ukitaka, na wengi hulitumia hivyo huku wakicheka. Ule uangalifu uliowekwa kwa ajili ya ndama bado uko kwenye chuma, unamfaa yeyote anayekata karibu na kitu asichotaka kukiumiza. Ukiutoa ukaweka ncha nyingine ya kuchomea, unabaki na kisu kizuri cha mabapa matatu, na uzuri wa springi zake hautapungua. Basi kitafutiwe na jina lingine, kwa sababu mtu wa mifugo atakuwa ameshatoka.

Kuhusu yale maandishi, kwa nyama ya mwili tu: yalichorwa kwa asidi juu juu ya chuma, hayakupigwa kwa nyundo kama jina la kampuni. Kupangusa damu, kusugua kutu, kunoa na kung'arisha, vyote huyafuta. Kwa hiyo ukiyakuta yanasomeka vizuri, herufi zote zipo, bapa hilo karibu halikufanya kazi, na bei yake itakuwa ya kushtua. Yale yaliyotumika kama yalivyoagizwa hayana tena maandishi. Ni vipande vyembamba vya chuma kilichofifia, na mara nyingi huuzwa kwa fungu, pamoja na funguo zisizo na kufuli na saa zilizosimama.